Wageni Wakiondoka, Nani Hubaki Ukumbini?

Hotuba kwa wanafunzi wa utalii na ukarimu, Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, walimu wa chuo, wenzangu wa mahotelini mliofika mkiwa na sare zenu kwa sababu zamu yenu inaanza magharibi, na nyinyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli hii: assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na kwa wale wa salamu ya kawaida, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie burudani za usiku na matamasha katika mji wetu wa Mombasa, na barua ya mwaliko ikaongeza kwamba nieleze namna ya kuyafanya yawavutie wageni. Naomba radhi mapema kwamba hilo la mwisho sitalifuata sana. Nimepiga gita la besi katika bendi za hoteli za pwani ya kaskazini kwa miaka mingi, kisha nikawa msimamizi wa burudani, yaani yule mtu anayepanga kwamba Jumatatu ni sarakasi, Jumanne ni bendi, Jumatano ni ngoma za kienyeji, na kuendelea hivyo hadi Jumapili, halafu anaanza upya kwa kuwa wageni wa wiki iliyopita wameshapanda ndege na hakuna atakayejua kwamba mzaha ni ule ule. Miaka yote hiyo nililipwa ili nimvutie mgeni. Ninalokuja kuwaambia leo, baada ya kuiona kazi hiyo ikifa na kufufuka mara nne, ni kwamba usiku wa mji huu haudumu isipokuwa pale unapokuwa wa wenyeji kwanza, na mgeni akaja kuukuta.

Tuanze mahali ambapo hapakuwa na hoteli hata moja. Mombasa ilikuwa na usiku wake muda mrefu kabla ya ndege ya kwanza ya watalii kutua, na usiku huo ulikuwa na wenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vijana wa mji waligawanyika katika vyama vya ngoma ya beni, hasa Kingi na Scotchi, wakashindana kwa gwaride, kwa sare na kwa matarumbeta yaliyoigwa kutoka jeshini, huku akina mama wakiwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama vilivyotungiana nyimbo za mafumbo makali kiasi cha majirani wa ukuta mmoja kuacha kuamkiana. Kisha taarab ikashika hatamu. Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, Zein l'Abdin akabaki na udi wake na mashairi ya kale, nao Zuhura Swaleh na Maulidi Juma wakaingiza mdundo wa chakacha pamoja na ule mlio wa taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe kutoka Japani, ambao mtu wa Mombasa akiusikia popote alipo, hata kama yuko Muscat au Leeds, hugeuka.

Naomba mtazame kwa makini jinsi fedha inavyotembea katika usiku wa namna hiyo, maana nyinyi mnasomea biashara. Ni saa tano za usiku, mtaa wa Kibokoni katika Mji wa Kale, barabara imefungwa kwa turubai na mabusati yametandikwa hadi kwenye vizingiti vya watu. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaomgusa mtu fulani. Mama mmoja anainuka kutoka nyuma kabisa, anakuja mbele akicheza taratibu, noti ameishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, anapitia makusudi mbele ya yule anayemlenga, kisha anamtuza mwimbaji. Yule aliyelengwa hakubali kushindwa, naye anainuka, na noti yake ni kubwa zaidi. Mpiga kinanda, ambaye anaijua kazi yake, anamkonyeza mwimbaji ubeti urudiwe. Nimeona ubeti mmoja ukirudiwa mara saba, na mara ya saba ndiyo iliyolipa nauli zetu za kurudi nyumbani. Hapo hakuna kiingilio, hakuna mdhamini, hakuna bango la kampuni ya simu, na hakuna mtu anayesubiri takwimu za watalii ili ajue kama usiku utakuwepo au hautakuwepo.

Ng'ambo ya daraja la Nyali kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, pengine kwa sababu muziki wake unamfaa mtu wa umri wangu. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa kutoka katika utumwa, na kengele iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha dhidi ya wanyakuzi ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni, jina ambalo makanga wa matatu hulitamka mara mia kwa siku bila ya kulifikiria. Katika jamii hiyo na jirani zake, watu wa makanisa na shule za misheni, watu waliojua kinanda cha kanisani pamoja na ngoma za Kimijikenda, ndimo alimotoka Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake, akachanganya mahadhi ya pwani na jazi, na muziki ule ukaitwa bango. Bango halichezwi kwa kurukaruka. Babu humshika bibi mkono, wakaenda mwendo wa pole, na mjukuu akatazama akicheka hadi anapojikuta naye ameingia. Nimewahi kusikia mtaalamu mmoja wa masoko akiuliza bango "linauzwa" kwa nani. Linauzwa kwa watu wa Kisauni, bwana, na wanalinunua kila mwisho wa wiki.

Sasa nije kwenye hoteli. Kuanzia miaka ya 1970 ndege za kukodi zilileta wageni kwa wingi kutoka Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Italia, na ufuo wote kuanzia Nyali kupitia Bamburi hadi Shanzu ukajengwa, kama ulivyojengwa wa Diani upande wa kusini. Sitaki mtu atoke hapa akisema ninazibeza hoteli, kwa sababu zilinilisha na zikanisomeshea watoto. Zilikuwa pia shule: bendi iliyopiga usiku sita kwa wiki mbele ya watu wa mataifa matano hujifunza nidhamu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Them Mushrooms, walioanza hapa pwani mwaka 1969, walitoka katika kumbi hizo, na wimbo wao wa mwaka 1982 wa kumkaribisha mgeni nchini Kenya, "Jambo Bwana", umezunguka dunia kiasi kwamba wengi wanaouimba hawajui kuwa una mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni mtu wa pwani aliyekuwa akiwasikia watalii wakijifunza salamu.

Lakini hoteli ilijenga ukuta, na ukuta ule ulikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Sisi wapiga muziki tulipita wa nyuma, kando ya mapipa ya jikoni, tukapiga, tukatoka kwa mlango ule ule. Mwanangu wa kwanza alifika umri wa miaka 12 akijua kwamba baba yake ni mwanamuziki bila ya kuwahi kunisikia nikipiga, kwa kuwa mlinzi wa getini hakuwa na ruhusa ya kumwingiza. Na ngoma tukazikata. Mwanzele, ambayo kwao Ugiriama inaweza kuwakesha watu hadi alfajiri, ikiwa na wazee wanaojua ni nani aanze na ni nani aitikie, tuliifupisha ikawa ya dakika ishirini kati ya supu na nyama, kisha tukaipa siku yake, Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe, pawe na mavuno pasiwe na mavuno. Ile ratiba niliyowaambia kuwa nilikuwa naiandika, mimi ndiye niliyeandika dakika ishirini hizo.

Udhaifu wa jengo hilo ulionekana siku mgeni alipokataa kuja. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na fujo zikaenea kusini mwa pwani, na ndani ya majuma machache hoteli zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Nakumbuka usiku mmoja katika miezi iliyofuata: ukumbi wa chakula wa meza themanini, wageni sita, na wahudumu waliosimama ukutani wakiwa wengi kuliko wageni mara mbili. Tulipiga seti nzima kwa sababu hivyo ndivyo mkataba ulivyosema. Mzee mmoja wa Kijerumani alikuja mbele tulipomaliza, akatushika mikono mmoja mmoja kama mtu anayetoa rambirambi. Wiki iliyofuata tulipigwa kalamu sote watano, na malipo ya mwezi wa mwisho hatukuyaona; hoteli yenyewe sitaitaja.

Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu wakati kundi la wageni kutoka Israel lilikuwa linapokewa. Miongoni mwa Wakenya waliokufa walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wamesimama mlangoni kuwaimbia wageni wimbo wa karibu. Watu wa fani yangu hatuwasahau, na kila ninapomwona msichana amevaa hando, ile sketi ya Kimijikenda, akisubiri basi la watalii kwenye mapokezi ya hoteli, huwatazama kwanza walinzi kabla ya kumtazama yeye. Mei 2014, baada ya serikali ya Uingereza kutoa tahadhari ya usafiri, mamia ya Waingereza walisafirishwa kwao katikati ya likizo yao. Mambo haya hayakuwa na sababu moja, na wala sisemi kwamba watu wa burudani wangeweza kuyazuia. Ninachosema ni kwamba kila mara taa zilipozimwa upande wa hoteli, nilivuka daraja nikaenda kupiga harusini, na kila mara nilikuta harusi zipo.

Mwaka 2020 ulikuwa tofauti, na itakuwa si haki nikiupita haraka. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na saa moja jioni, kwa wale wasiojua kazi yetu, ndiyo saa tunayoanza kufunga nyaya. Kaunti ya Mombasa ikafungwa kuanzia tarehe 8 Aprili hadi tarehe 7 Julai, hakuna kuingia wala kutoka. Safari hii hata harusi zilinyamaza. Wenzangu waliuza vinanda, waliuza vipaza sauti, mmoja aliuza pikipiki yake akabaki na ngoma zake kwa sababu hakupatikana mnunuzi wa ngoma. Kafyu haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Lakini tazameni kilichorudi kwanza, tena kilirudi kafyu ikiwa bado ipo: watu wa Kisauni walihamishia bango mchana. Nimepiga besi saa nane za mchana, jua la utosini, wazee wakicheza kwa miwani ya jua na vibibi vikiwa na miavuli, na polisi walipopita hawakuwa na la kusema kwa kuwa saa ilikuwa haijafika. Vilabu vilivyotegemea taa za rangi na wageni wa ndege vilikuwa vimefungwa kwa makufuli.

Mgeni wa leo, kwa hakika, mara nyingi ni mwenyeji mwenzetu. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza mwaka 2017, mtu wa Nairobi anaweza kupanda asubuhi akawa stesheni ya Miritini mchana, na ikifika Pasaka au Desemba tiketi hutafutwa kama maji ya kiangazi. Wanateremka, wanakwenda Nyali na Bamburi, wanajaa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao sote tunauita Pirates, na usiku ukiingia sehemu kubwa yao wanavuka hori kwenda Mtwapa. Na hapa nina neno, kwa sababu nimesikia viongozi wengi wakihutubia kuhusu "usiku wa Mombasa" huku wakiizungumzia Mtwapa, na Mtwapa haiko Mombasa. Ukishavuka lile daraja uko Kaunti ya Kilifi.

Jambo hili si mzaha wa ramani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa serikali za kaunti mamlaka juu ya burudani za umma, leseni za vileo, kelele na kero nyingine za umma, makumbusho, bustani na fuo za kaunti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka huo huo, ile ambayo mtaani inaitwa sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na zifungwe saa tano usiku siku za kazi. Mnajua wenyewe saa tano usiku Mtwapa pakoje. Kwa hiyo mtu huyo huyo, katika usiku mmoja, anakula chakula cha jioni chini ya kaunti moja, anacheza dansi chini ya kaunti nyingine, na alfajiri anarudi kulala chini ya ile ya kwanza, lakini sijawahi kuona kaunti hizo mbili zikikaa meza moja zikaulizana yule mtu atarudije salama. Dereva wa tuktuk anajua. Mwulizeni dereva wa tuktuk wa saa tisa za usiku barabara ya Malindi, atawachorea mpango wa usafiri mzuri kuliko wa washauri wowote: pana giza wapi, wasichana wanaomaliza zamu za jikoni wanasimama wapi, na nauli hupanda mara ngapi baada ya saa saba.

Nimetaja wasichana, na nikinyamaza hapo nitakuwa nimewadanganya. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa utafiti uliokadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya pwani walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono, wengi wakiwa watoto kwa sheria yoyote ile, na wanunuzi hawakuwa wageni wa ng'ambo peke yao. Wakenya nao walikuwamo, tena kwa wingi wa kutia aibu. Mtafundishwa kanuni za hoteli kuhusu vitambulisho mapokezini, na mzifuate bila ya kumwonea mtu haya. Lakini mimi nimefanya kazi usiku kwa miaka mingi na nimeona kwamba mahali pa hatari zaidi ni pale ambapo hakuna mtu mzima wa mtaani asiyelipwa na mwenye jumba. Harusini Kibokoni kuna mashangazi. Kwenye bango kuna bibi zake mtu. Katika baadhi ya kumbi za ufuoni kuna mabaunsa, ambao kazi yao ni kumlinda mteja, na mtoto aliyekuja na mteja hana wa kumwuliza ametoka kwa nani.

Ndiyo sababu napenda sana kuwapeleka watu Mama Ngina. Bustani ile ya ufuoni ilifanyiwa ukarabati mkubwa na sherehe za kitaifa za Mashujaa za mwaka 2019 zikafanyika pale, lakini watu wa Mombasa walikuwa wakienda pale tangu kukiwa na barabara na mibuyu tu. Nendeni kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mama amekaa kwenye kigoda nyuma ya karai la mafuta, anatoa muhogo uliokaangwa ukaiva, anaupasua katikati kwa kisu, anaufuta kwa ndimu iliyochovywa pilipili ya unga na chumvi, anakufungia kwenye karatasi ya daftari la shule, na kabla hujaupuliza ukapoa, meli ya makontena inapita mlangoni mwa Kilindini karibu nawe kiasi cha kuweza kuwahesabu mabaharia. Pembeni kuna madafu, kuna kachri, kuna mabuyu, kuna kahawa tungu na kashata. Familia ya Kibohora imeegesha gari imefungua milango yote. Vijana wa Majengo wana spika. Wamijikenda, Waswahili, Wahindi, watu wa bara waliohamia juzi, wote wako pale kwa gharama ya muhogo, na mtalii akipita hushangaa mtu hamkimbilii kumwuzia kinyago. Ananunua muhogo, anakaa ukutani. Kati ya wageni wote niliowahi kuwasindikiza uwanja wa ndege, wale walioniambia watarudi walinitajia jioni ya namna hii, wala hakuna hata mmoja aliyenitajia onyesho langu la Jumatano.

Matamasha yetu tungeyajenga kutoka hapo. Mombasa ilizoea kuwa na kanivali ya Novemba, magari yaliyopambwa na vikundi vya ngoma vikipita Moi Avenue chini ya zile pembe za ndovu, na watu walijaa hadi juu ya mapaa. Lilikuwa jambo zuri, na mwisho wake ulikuwa kila mara unategemea kama kuna fungu la fedha mwaka huo na kama mgeni rasmi amepata nafasi. Katika tamasha moja ambalo sitalitaja, nilikuwa msimamizi wa kikundi cha wacheza ngoma 14 kutoka Kaloleni. Tulifika saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu. Katika muda wote huo wacheza ngoma walisimama juani wakiwa wamevaa kamili, na maji yaliyokuwapo yalikuwa kwenye hema la wageni waalikwa; nilipokwenda kuyaomba niliulizwa kama nina kadi. Malipo yao yalikuwa chakula cha mchana na fulana yenye nembo ya mdhamini. Kiongozi wao, mama wa makamo, aliikunja ile fulana akaniambia kwamba ataitumia kupangusia meza, na mwaka uliofuata nilipompigia simu hakupokea.

Wenzetu hawakufanya hivyo. Zanzibar ilianzisha Sauti za Busara mwaka 2004 ndani ya Ngome Kongwe, ikaiweka mwezi wa Februari, na mwezi huo haukuhamahama; mtu wa Ulaya hukata tiketi yake miezi minane kabla, na mwenyeji wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, huingia kwa kiingilio kilicho nafuu kuliko cha mgeni, kwa hiyo anayecheza mbele ya jukwaa si mgeni peke yake. Nao wamepata shida: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu ya uhaba wa fedha, lakini mwaka uliofuata likarudi. Lamu, kila inapofika Maulidi, hupokea watu kutoka pwani nzima, Somalia hadi Comoro, kwa ajili ya ibada na kumbukumbu ya mwanazuoni Habib Swaleh katika msikiti wa Riyadha. Hiyo si burudani na sitaiita burudani, ila mwanafunzi wa ukarimu angekwenda akatazama mji mdogo usio na magari unavyowalaza na kuwalisha maelfu ya watu majumbani mwa wenyeji, bila ya mtu kuchapisha kipeperushi.

Sisi tuna Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, iliyoandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, yenye uwanja wa kuchukua jukwaa na watu wake. Tuna uwanja wa Makadara ambako watoto wa mji huu huenda na fedha zao za Idd mfukoni kutafuta pembea. Tuna maonyesho ya kilimo ya Mkomani, ambayo kila familia ya Mombasa ina picha yake, ingawa hakuna afisa wa utalii anayeyahesabu kuwa tamasha. Kitu tusichokuwa nacho ni tarehe. Nimekaa katika vikao vingi vya maandalizi na kila kimoja kilianza kwa kubuni kauli mbiu na kuchora nembo, na siku ya kupanga tarehe watu wakawa wamechoka. Nyinyi mtakapokaa katika viti hivyo, anzeni na tarehe, muitangaze mwaka mzima kabla, kisha muandike mkataba wa yule mama wa Kaloleni, wenye kiasi cha fedha, siku ya kulipwa na maji ya kunywa, kabla hamjaandika barua ya mgeni rasmi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na wenye zamu wameanza kutazama mlango. Mwalimu wenu ameniambia kwamba mna kazi ya kuandika, ripoti kuhusu ukumbi mmoja wa burudani, na kwamba wengi mmechagua vilabu vya Mtwapa. Siwakatazi. Ila Jumamosi hii kuna harusi Freretown na tunapiga kuanzia saa tatu za usiku. Mama wa bwana harusi ameridhia mje, mradi mvae heshima na msije mikono mitupu, hata kilo ya sukari itafaa. Simameni nyuma karibu na fundi mitambo, mhesabu noti za kutuza, mwandike ni nani aliyetuza, alimtuza nani na kwa ubeti upi. Shukeni Kengeleni, vukeni barabara kwa uangalifu, kisha fuateni saksafoni.